Paa la Kwenye Bango

2 Machi

Tumepata kazi ya kampuni ya mabati. Bosi alitangaza habari hiyo akiwa amesimama juu ya kiti, na kwa kuwa alichagua kile kibovu, furaha ilikuwa fupi. Wanataka kampeni iwe barabarani kabla masika hayajakolea. Wakati wa jua hakuna anayeuliza habari za bati.

Mimi ndiye mwelekezi wa picha. Kadi yangu inasema mkurugenzi wa sanaa, lakini sina idara wala katibu, na kiti ninachokalia ni cha mhasibu. Nilianza kwa kuandika majina ya maduka ukutani kwa brashi. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa kubofya kila kitu hadi nikajua kipi huharibika na kipi huvumilia. Dada anayetunga maneno ya matangazo tunamwita Mwenye Maneno. Mimi wananiita Milimita, kwa sababu naweza kugombana na mtu asubuhi nzima ili nembo isogee kushoto kidogo.

Shangazi alishawahi kunihoji kuhusu kazi hii.

"Kwa hiyo hupigi picha, huandiki maneno, na siku hizi hata kuchora huchori. Wanakulipa kwa lipi?"

"Naelekeza, Shangazi."

"Kama trafiki."



5 Machi

Kikao cha mawazo. Matangazo yote ya bati yanafanana: jumba jipya, familia inacheka uani, baba kaelekeza kidole juu kana kwamba bati limedondoka kutoka mbinguni. Nikasema safari hii tuonyeshe nyumba ya kweli ya mtu wa kweli, inayovuja kweli. Tupige picha ya kwanza jinsi ilivyo. Halafu kampuni iiezeke, tupige ya pili kamera ikiwa imesimama palepale. Mtazamaji azione mbili kwa pamoja. Pasiwe na uongo ndani yake.

Meneja wa mabati, aliyekuwa anasikiliza kwenye simu, akasema wazo limemwingia. Mwenye Maneno akanywa maji, akaweka glasi, akasema: "Lala. Acha inyeshe." Basi. Mimi huhangaika wiki nzima na rangi ya anga, yeye humaliza kazi kwa funda moja la maji.

Bosi akauliza nyumba tutaipata wapi. Nikajibu kwamba ninayo.

7 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi. Ni dada yake baba, mjane, anashona sare za shule sebuleni. Nyumba ni ya matofali ya udongo, aliyoijenga marehemu mumewe, na paa lake ni la umri wa mwanawe.

"Bure?" akauliza.

"Bure."

"Bure ya namna gani?"

"Wanakuezekea, wewe unapigwa picha."

"Mimi?"

"Wewe na nyumba."

"Kati yangu na nyumba, wanadhani nani anavuja zaidi?"

Kulikuwa na jambo moja dogo. Binamu yangu, mwanawe, fundi magari huko mbali, alikuwa keshanunua bati za kawaida, zile nyeupe, na amepata lori la kuzileta mwisho wa wiki. Nikamwambia Shangazi amzuie. Rangi ya kampeni ni nyekundu. Bati nyeupe zitaua picha.

"Zitaua picha," akarudia, kama mtu anayeonja mboga asiyoijua. Kisha akachukua simu, akampigia mwanawe mbele yangu. "Usilete. Ndugu yako ameniletea wakubwa."

Nilirudi nimejaa, kama niliyeezeka kwa mikono yangu mwenyewe.

12 Machi

Siku ya picha ya kwanza. Jua zuri, la kulala upande. Kamera tuliisimamisha uani kwa nyuma, ili paa, ukuta wa nyuma, na cherehani kupitia mlango ulio wazi, vyote vionekane.

Tatizo lilikuwa juu. Kwa miaka mingi Shangazi amekuwa akiziba paa kwa alichonacho: gunia, karai lililotoboka, mawe, hata mlango wa friji. Mpiga picha akasema, "Hapa jicho halijui litue wapi." Alisema kweli. Umaskini ukiwa na vitu vingi mno haupendezi kwenye picha, unaonekana kama bohari. Nikamwomba fundi wa paa, tuliyemleta kwa ngazi yake, ateremshe kila kitu. Likabaki tobo moja kubwa, lenye umbo zuri, na mwale wa jua unapenya hadi kwenye cherehani. Nikasogeza cherehani kidogo ili mwale uidondokee sawasawa.

Shangazi akakaa kwenye cherehani, akatazama juu. Nilimwomba asitabasamu.

"Nilikuwa sina mpango huo," akasema.

Picha imetoka safi mno. Fundi alirudisha magunia na mawe, lakini kwa haraka, maana tulikuwa tumemlipa hadi mchana. Tukakubaliana hakuna haja ya kusumbuka sana, paa lenyewe linaondoka.

13 Machi

Mgongo unauma. Bosi ameweka picha kwenye skrini yake. Nimepita pale bila sababu mara kadhaa.

17 Machi

Mabati mekundu hayajatoka kiwandani. Meneja anasema hivi karibuni. Wakati huohuo anataka kuona picha ya pili itakavyokuwa, kwa hiyo nimemtengenezea mfano kwenye kompyuta.

Kanuni ya kazi yetu ni kwamba mfano hufanywa wa kutosha tu: bati limebandikwa, vivuli nusunusu, na katikati linapita neno SAMPULI kwa mshazari, herufi za kijivu, mteja asije akaoa kabla ya posa. Kanuni ni nzuri, nami huwafundisha wengine.

Lakini bati lilikaa vizuri kupita nilivyotarajia. Nikaongeza mng'ao. Mng'ao ukadai kivuli. Kivuli kikadai bomba la kuteremshia maji, nikalitengeneza bomba, nalo likadai kivuli chake. Shangazi anayecheka nilimtoa kwenye picha ya pembeni ambayo mpiga picha aliiiba bila yeye kujua. Nikampunguzia uchovu chini ya macho. Kisha nikaweka neno SAMPULI. Likampita puani. Nikalishusha, likampita mdomoni, likala kicheko chote.

Nikaliondoa.

20 Machi

Kikao kwa Meneja wa mabati. Chumba chenye baridi ya mashine, chai ya maziwa iliyopoa. Bosi akaweka picha zangu mbili mezani, bega kwa bega.

Meneja alizitazama moja baada ya nyingine. "Mafundi wetu wamemaliza lini?" akauliza. "Mbona sina habari?"

Bosi akanitazama.

"Hiyo ni ya kompyuta," nikasema. Lazima niandike ukweli hapa: nilisema kwa raha.

"Hii?"

"Hiyo."

"Na bomba?"

"Na kivuli cha bomba."

Akaita wenzake kutoka chumba cha pili. Wakainama juu ya meza wakitafuta mshono, mmoja akavua miwani akaweka jicho karibu na karatasi. Hawakuuona. Mimi nilikunja mikono kifuani kama bwana harusi. Hakuna aliyewahi kuitazama kazi yangu kwa namna ile, hata siku moja.

Kisha Meneja akaegemea kiti. "Basi tumeokoka. Kiwanda kinanichelewesha, mvua iko mlangoni. Kama picha tunayo, paa la nini?"

Watu wakacheka kidogo, ile ya kumsindikiza mkubwa. Bosi akasema itaokoa muda. Mwenye Maneno akasema, "Lakini si tulimwahidi yule mama?" Meneja akamjibu kwamba mama atakumbukwa, msimu ukiisha. Halafu Bosi akanigeukia: "Milimita, una la kusema?"

Wote wakangoja. Nafasi ya kusema ilikuwa pana, mtu angeweza kupitisha hata kabati.

Nikasema, "Kivuli cha bomba kimepanda kidogo. Nitakishusha."

21 Machi

Nimekishusha.

25 Machi

Imeanza kunyesha.

28 Machi

Sijakwenda kwa Shangazi. Kila siku ina kazi yake: mara kiwanda cha kuchapa kimetoa nyekundu inayoelekea chungwa, mara nembo. Leo alipiga simu akauliza mafundi wanakuja siku gani, maana anataka kuhamisha cherehani wasije wakaimwagia misumari. Nikamwambia kuna ucheleweshaji kiwandani. Ni kweli, upo. Nimekuwa fundi wa kuchagua ukweli upi uwekwe mbele na upi ubaki kwenye kivuli, na sikujua kwamba kazi hiyo nitaifanya hadi kwenye simu.

Mwenye Maneno haongei nami isipokuwa kikazi. Nilikuwa namwona mtu wa mzaha. Nimekosea kumsoma.

2 Aprili

Mabango yamepanda. Kubwa kuliko yote ni la kituo cha mabasi. Upande wa kushoto tobo, upande wa kulia paa jekundu, na Shangazi anacheka na meno yake yote, ukubwa wa mlango. Lala. Acha inyeshe. Watu walisimama chini ya miavuli wakitazama. Mmoja akamwambia mwenzake, "Yule mama kabahatika."

Nilijifanya nasubiri basi.

5 Aprili

Nimekwenda hatimaye. Nilibeba turubai la bango la zamani kutoka stoo ya ofisi, la kampeni ya dawa ya meno. Ndilo pekee lisilochanika. Nikamkuta Shangazi amepanga beseni na sufuria sebuleni kwa mpango anaoujua mwenyewe. Anapita katikati yao bila kutazama chini. Hakuuliza. Alikuwa ameshaliona bango.

"Nimenona," akasema. "Ulinilisha nini?"

Nikamweleza. Nilianza na kiwanda, nikapita kwa Meneja, nikazunguka kwa Bosi. Aliacha nimalize mzunguko.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ahaa."

Nikasema nitanunua bati mwenyewe, mshahara ukitoka. Fundi wa paa, niliyekuwa nimemleta tena, akatikisa kichwa. "Bosi wangu, kwa mvua hii nani atafunua paa? Mbao zimelowa. Ukigusa moja zinakuja zote. Ngojeni jua." Hata magunia hayakai tena vizuri, yalikuwa yameshikana na bati kwa miaka, na sisi ndio tuliobandua.

Tukatandika turubai. Kwa hiyo sasa juu ya nyumba ya Shangazi kuna kinywa kikubwa chenye meno meupe, kinachekea mawingu. Watoto wa mtaa wanakuja kutazama.

"Hata paa langu limepata kazi ya matangazo," Shangazi akasema. Alicheka. Mimi pia nilicheka, na natamani nisingecheka.

9 Aprili

Binamu amenipigia. Kaona bango kwenye simu ya mtu gereji.

"Kaka, sijui nikushukuru vipi. Mama anang'aa."

"Mama yuko salama," nikasema.

"Zile bati zangu nimeezekea jiko na banda, maana nilisema basi, kaka kashamaliza kila kitu. Nimelala usingizi, wewe."

Nikamwuliza kama zimeshapigwa misumari. Akaona swali la ajabu. "Sasa zitashikwa na nini, kaka, na mate?"

Baadaye nikamwuliza Shangazi mbona hajamweleza mwanawe. Akasema: "Nimweleze nini? Kwamba ndugu yake ni mwongo? Umwambie mwenyewe, ukipata sauti."

Sijaipata.

10 Aprili

Mvua.

11 Aprili

Mvua. Mauzo ya bati yamepanda, Bosi ametununulia maandazi.

14 Aprili

Nimekwenda kwa Meneja wa mabati peke yangu, bila Bosi kujua. Nilijiandaa njiani kwa maneno makali, lakini maneno makali yanataka mtu aliyeyazoea. Alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniua. Akasema anamkumbuka sana yule mama, uso wake una imani. Bajeti ya msimu imefungwa. Ila hawezi kuniacha niondoke mikono mitupu. Akafungua kabati, akanipa mwavuli mwekundu mpya, umeandikwa Lala. Acha inyeshe.

Nimempelekea Shangazi. Ameufungua sebuleni, akauning'iniza juu ya cherehani kwa kamba. Umefaa, kwa kweli. Ni kitu pekee cha kampuni ile kilichowahi kuzuia maji nyumbani kwake.

19 Aprili

Ukuta wa nyuma umeanguka.

Niliitwa mchana, na jirani. Upepo ulikuwa umeinua turubai, maji yakateremka kwenye pembe moja kutwa nzima, tofali za udongo zikanywa hadi zikachoka. Shangazi hakuwemo. Alikuwa ametoka kununua uzi. Najiambia hilo kila ninapokaa: alikuwa ametoka kununua uzi.

Nilipofika alikuwa amesimama nje, mfuko wa uzi mkononi, akitazama chumba chake cha kulala kutoka upande ambao hakikuwahi kutazamika. Kitanda kilikuwa kimejaa tope. Sebuleni mbao zilikuwa zimeshuka juu ya cherehani, gurudumu lake limekatika, na sare za watoto zimegeuka rangi ya ukuta. Turubai lilikuwa limening'inia kwenye mpapai, meno chini.

Majirani walikuwa wengi, wanatoa vyombo. Mmoja, aliyehamia mtaani hivi karibuni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Si ndiye yule wa kwenye bango? Kumbe ana nyumba mbili?"

Nikamsogelea Shangazi, nikaanza, "Shangazi, mimi..."

"Shika huku," akasema. Alikuwa amekamata upande mmoja wa sanduku. Nikashika. Tukabeba.

Nitaandika na hili, maana nikiliacha nitakuwa nimepamba: nilipotazama ule ukuta, mwanga ukiingia kwa nyuma, na yeye amesimama na ule mfuko, kitu ndani yangu kilisogea hatua mbili kushoto kutafuta pembe nzuri. Miguu ilisogea kweli. Shangazi aliniona.

20 Aprili

Shangazi yuko kwetu. Mke wangu amempa chumba cha watoto, watoto wamehamia chumbani kwetu.

Nimempigia Binamu, nikamweleza yote, tangu bati nyeupe hadi kivuli cha bomba. Nikasikia nyundo za gereji.

"Kwa hiyo ulinizuia kwa sababu ya rangi."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema. Afadhali angenitukana.

26 Aprili

Shangazi amepanga upya jiko letu. Sufuria zote sasa ziko mahali zinapostahili na hakuna anayezipata.

Leo Jumapili alinikuta kwenye kompyuta, akavuta kiti. "Nionyeshe ulivyonijengea."

Nilitaka kukataa. Nikafungua picha. Nikamweleza kwamba imetengenezwa kwa matabaka, kama karatasi nyembamba zilizolaliana, na kila tabaka lina kitufe chake cha kuzima.

"Zima paa."

Nikazima. Tobo likarudi.

"Washa. Zima bomba."

Nikazima bomba. Kivuli chake kikabaki ukutani peke yake.

"Kovu langu la hapa kwenye kidevu?"

"Nililitoa."

"Lilikukosea nini?"

Nililitoa kwa mazoea, kama mtu anavyopangusa meza.

"Na mimi, nina kitufe?"

"Unacho."

"Nizime."

Nikabofya. Akatoweka, na kiti kikatoweka naye. Ikabaki nyumba peke yake na paa lake jekundu, ukuta wa nyuma umesimama wima, pazia dirishani. Nikanyoosha mkono nimrudishe.

"Iache hivyohivyo," akasema. "Niitazame."

Akaitazama. Mke wangu aliita watu kwenye chakula, wala hakugeuka. Nilikuwa nimetengeneza ile nyumba ili iuze bati. Sikuwahi kufikiri kwamba ndipo mahali pekee itakapobaki.

Mwisho akainuka, akavuta khanga begani. "Nitakwenda kwa mwanangu," akasema. "Ana jiko zuri, nasikia. Limeezekwa."

3 Mei

Nimemsindikiza Shangazi kituo cha mabasi. Mvua imepungua, ni ya rasharasha. Sanduku, mfuko wa uzi, kichwa cha cherehani nimekifunga kwa blanketi. Binamu anasema gurudumu linaweza kuchomelewa. Kiwanja chake Shangazi amemwachia jirani apande mboga. Nimemwambia jua likitoka nitajenga upya, na paa juu. Akasema, "Haya," kama anavyoambiwa mtoto anayetaka kuwa rubani.

Bango lipo palepale juu ya vichwa vya watu. Tukasimama chini yake, kwa kuwa ndipo basi linapopakia. Mpakia mizigo alichukua sanduku, akamtazama Shangazi, akatazama juu, akamtazama tena.

"Mama. Si wewe?"

"Ndiye mimi."

"Aisee. Basi nyumbani kwako kuzuri. Mimi kila siku naiona hii nyumba nasema, hapa mtu analala." Akafuta mkono kwenye suruali, akampa. "Wamekujengea kweli, au ni mambo ya matangazo tu?"

Nikatazama chini, kwenye matope.

"Kweli," Shangazi akasema. Akaniwekea mkono begani, mzito, wenye sugu ya mkasi. "Huyu hapa ndiye aliyenijengea. Ni mtoto wa kaka yangu."

Hakuwa anatania wala hakuwa amekasirika. Nimeugeuza uso wake kichwani njia nzima ya kurudi na bado sijaupatia pembe.

Basi likaondoka, akiwa dirishani, hakupunga. Mpakia mizigo akanijia na simu mkononi, uso umechangamka.

"Fundi, nipe namba yako. Na mimi mamangu nyumba yake inavuja."

Nikampa.